Akiba Iliyooza

Kasha lilitushinda kwenye ngazi ya pili. Tulikuwa wanne, tunalishusha kutoka ghorofani nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na ngazi za nyumba zetu za mawe mnazijua: nyembamba, zimepinda, kila moja na kimo chake. Magoti ya shangazi yamezikataa. Tulikubaliana ahamie chumba cha chini, naye akashikilia kwamba kasha litangulie kabla yake.

"Toeni vitu kwanza," akasema.

Tukatoa. Doti za leso ambazo hazijavaliwa hata siku moja, buibui la mamake, vyeti, chetezo kilichovunjika mguu. Chini kabisa palikuwa na kifurushi cha kitambaa cha kijani. Hicho alikiinamia mwenyewe. Akawatuma vijana wakanywe chai, tukabaki mimi na yeye.

Akafungua fundo. Noti za elfu moja, zimekunjwa katikati, zinanukia karafuu.

"Nihesabie, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayanipi hakika."

Nikahesabu: 43. Nikahesabu tena, ingawa sikuwa nimekosea. Nilikuwa natafuta maneno. Zote zilikuwa za zamani, zile zenye picha ya Mzee Kenyatta.

"Shangazi," nikasema, "hizi hazipokewi tena."

"Hazipokewi wapi?"

Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua aende duka gani lingine. Swali hilo limenikaa kifuani kwa miezi kadhaa sasa.

Mwisho wa Ramadhani, mwaka 2019

Tangazo lilitoka tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka. Huku kwetu zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na shangazi wakati ule alikuwa bado anauza kaimati na sambusa kila alasiri. Kumi la mwisho ndilo lenye mauzo. Redio yake ya jikoni ilikuwa ya mawaidha, si ya hotuba. Habari ikamfikia vipande vipande: kuna noti mpya, za zamani zinaondoka, mwisho ni 30 Septemba.

Septemba ikapita. Na baada ya hapo akaona nini? Akaona noti za zamani za hamsini, za mia, za mia mbili na za mia tano zinaendelea kupokewa kila duka. Zinapokewa mpaka leo, kwa kuwa iliyofutwa ilikuwa ya elfu moja peke yake.

"Nikasema basi, wamebadilisha shauri," aliniambia.

Sioni ujinga hapo. Mtu aliyeona kwa macho yake noti ya zamani ikinunua unga na mafuta ana haki ya kuamini kwamba noti ya zamani ni pesa.

Benki Kuu ilipofunga hesabu yake, noti zipatazo milioni 7.4 za elfu moja zilikuwa hazijarudi. Zaidi ya shilingi bilioni 7. Nakumbuka tulivyosema siku zile: hizo ni pesa za wezi, zimefichwa, zimewafia mikononi, na wavune walichopanda. Nami nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya wenzangu kazini.

Sasa najua zilipokuwa noti 43 kati ya hizo.

"Akiba haiozi"

Methali hii tumelelewa nayo. Shangazi ndiye aliyenifundisha, na aliifanyia kazi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hajawahi kuwa mzembe wa pesa. Tangu nikiwa mtoto namjua ana mahali patatu pa kuweka, na kila mahali na kazi yake.

Mchezo wa kina mama wa mtaani, wa kuchanga na kupokea kwa zamu, ulikuwa wa mahitaji makubwa: karo, sufuria, kuezeka upya banda. Dhahabu ilikuwa ya misiba na furaha za watoto. Kasha lilikuwa kasha, halikuulizwa.

Nilipoanza kuyapima matatu hayo kwa hesabu, nilipata jambo ambalo sikulitarajia. Bangili zake zilikuwa zimemfanyia kazi nzuri kuliko akaunti yangu ya benki. Katikati ya mwaka 2019 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kama dola 1,300 au 1,400. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Ukigeuza kwa shilingi, na dola nayo imepanda, unakaribia mara nne. Na huyu ni mama ambaye watoto wa mjini humwambia, "Bibi, nenda na wakati."

Si kwamba nawashauri mkimbilie kwa sonara. Dhahabu haizai. Inakaa vilevile mpaka uiuze, na ukiiuza unalipwa uzito, ule ujira wa kuifua uliolipa siku ya kununua haurudi. Bei ikiwa chini siku ya shida, utauza hivyo hivyo. Na mwizi anaijua. Lakini imedumu karne kwa karne bila kungoja tangazo la mtu, na hilo siwezi kulikana.

Kwa hiyo shangazi alikuwa na akiba mbili. Moja imekua, moja imeoza.

Na iliyooza ndiyo aliyoipenda zaidi.

Hazikuwa pesa za kula

Hilo sikulijua siku ile. Kwa wiki mbili nilikuwa nikimlaumu moyoni. Alikuwa na miezi minne. Wajukuu wamejaa nyumba. Angemtuma yeyote benki na zile noti, angeletewa mpya kabla ya adhuhuri. Kwa nini hakusema?

Nikamuuliza. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya isha, upepo umetulia. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema:

"Zile zilikuwa za sanda yangu."

Sanda, kafuri, udi, na chakula cha hitima. Alikuwa akizitenga kidogo kidogo tangu mumewe afariki, kwa sababu siku ile ya mumewe waliazima, na deni lile lilimuumiza kuliko msiba wenyewe. Akaapa kwamba yeye hatazikwa kwa pesa za kuazima. Wala hakutaka wanawe wajue zipo. Mwenye kuzijua angeziomba, na kumnyima mwanao ni vigumu. Na mama anayewaambia watoto wake "hizi ni za kunizikia" anawatia simanzi bure.

Basi tangazo alilisikia. Alisikia vya kutosha. Lakini kumtuma mjukuu na noti 43 ni kufungua siri nzima, na kwenda mwenyewe ni kuziondoa mahali alipozikabidhi kwa Mungu. Akangoja. Kisha za mia mbili zikaendelea kupita, na moyo ukapata pa kujishikiza.

Sikuwa na la kumwambia.

Nimekuwa nikisoma mambo ya fedha kwa miaka, na karibu kila ushauri huanza na swali la faida: itakuwa asilimia ngapi? Shangazi alianza na swali jingine kabisa: pesa hizi ni za siku gani? Swali lake lilikuwa bora. Kilichomwangusha ni chombo alichozitia. Pesa za siku isiyojulikana, ambayo yaweza kuwa kesho au baada ya miaka ishirini, alizitia kwenye karatasi yenye tarehe ya mwisho ambayo hakuiandika yeye.

Kasha langu mimi

Hapo ndipo aibu ilinigeukia.

Mimi ni karani wa hesabu katika nyumba ya wageni huko Shela. Kila asubuhi napanda boti na wenzangu, kila jioni narudi. Tangu Januari 2014 nimekuwa nikitenga shilingi 3,000 kila mwezi kwenye akaunti ya benki, na nilijivunia hilo. Mpaka mwisho wa 2025 ni miaka 12: shilingi 432,000, ukiacha makato ya benki.

Faida yake ni sifuri. Niliikataa mwenyewe. Siku ya kufungua akaunti nilisema sitaki riba, nikatia sahihi, nikatoka nimeridhika kwamba dini yangu iko salama.

Usiku mmoja nikachukua daftari. Benki Kuu hulenga mfumuko wa bei uwe kati ya asilimia 2.5 na 7.5, kwa hiyo katikati ni 5. Ipo miezi uliyovuka mno. Oktoba 2022 ulifika 9.6. Lakini nikasema nijihurumie, nihesabu kwa 5 tu. Ile 3,000 yangu ya kwanza leo inanunua kile ambacho mwaka 2014 ningekinunua kwa karibu 1,700.

Na juu ya hapo kuna zaka, asilimia 2.5 kila mwaka, ambayo kwa 432,000 ni shilingi 10,800. Zaka siilalamikii hata kidogo, ni haki ya wenyewe. Ninachosema ni kwamba ilikuwa ikitoka kwenye mali iliyolala.

Za shangazi zilikufa usiku mmoja. Zangu zilikuwa zinakufa kila siku, polepole, na taarifa ya benki ikinionyesha namba inayopanda.

Fungu la chombo

Jumamosi hiyo baada ya darsa ya wanawake nilibaki nyuma, nikamwendea maalim. Nilimweleza yote, la kasha na langu. Nilitarajia anipongeze kwa kuikataa riba.

"Riba umeikataa, Mungu akulipe," akasema. "Biashara nayo, nani alikukataza?"

Sikuwa na jibu.

Akanikumbusha kwamba Sayyidna Umar alihimiza mali ya yatima ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka mpaka iishe. Mali ya yatima, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi! Na mimi nilikuwa nimedhani kuiacha pesa imelala ndiyo tahadhari ya mcha Mungu. Ukweli, na nausema kwa uchungu, ni kwamba kwa miaka 12 nililitumia neno "riba" kama kitasa. Nilifunga mlango na sikutaka kujua kama kuna mlango mwingine, kwa sababu kutafuta kulikuwa na kazi na kunyamaza kulikuwa na thawabu, au hivyo nilijiambia.

Na mlango wenyewe nimezaliwa ndani yake.

Babangu alikuwa na nusu ya mashua kule Kizingitini. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu mwingine, na nahodha alikuwa wa tatu. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chakula cha mabaharia. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Samaki wakiwa wengi kila mtu anacheka. Wakiwa hakuna, mwenye chombo hana cha kumdai baharia. Amekosa kama alivyokosa yeye. Kila mtoto wa kisiwa hiki anaijua hesabu hiyo kabla hajajua kuandika.

Nilipoletewa mkataba wa mudharaba katika benki ya Kiislamu, niliusoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoiona mashua ya babangu. Mali ni yangu, kazi ya kuifanyia biashara ni ya benki. Kinachojulikana mapema ni mgawanyo wa faida, fungu langu na fungu lao. Kiasi cha faida hakijulikani mpaka ipatikane. Na hasara ikitokea bila uzembe wao, inakula mali yangu, wao wanapoteza jasho lao.

Mstari huo wa mwisho ulinitoa jasho mimi. Nilirudi nyumbani bila kutia sahihi.

Nilikuwa na shaka nyingine pia. Wapo watu, hata wacha Mungu, wanaosema benki hizi zimebadilisha jina tu. Kenya tumekuwa nazo tangu mwaka 2008 na mjadala haujaisha. Siwezi kuwashinda kwa hoja. Niliuliza bodi ya masheikhe ni ya akina nani, pesa zinafanyiwa biashara gani, na mwezi ambao faida ilishuka ilikuwa lini. Swali la tatu ndilo nililolijali. Anayekuahidi kiasi kilekile kila mwezi, bahari iwe shwari au imechafuka, sijui anavua wapi.

Wakanionyesha. Miezi ilikuwa haifanani.

Nilichokifanya, kidogo kidogo

Sikuhamisha zote. Pesa za miezi mitatu ya matumizi zimebaki pale zilipokuwa, tayari kutolewa saa yoyote, kwa sababu upepo wa kusi ukikaza wageni hupungua na sisi hupunguziwa siku za kazi. Hizo sizitafutii faida. Ni za kusi.

Shilingi 30,000 nikazitia kwenye mudharaba, nizitazame kwanza.

Niliuliza pia habari za sukuk, hati za uwekezaji zisizo na riba. Ya kwanza hapa nchini iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2023, shilingi bilioni 3 za kujengea nyumba, ya miaka 15. Si ya karani wa Shela kwa sasa, lakini nimeiweka kwenye daftari. Jirani yangu mwalimu, ambaye si Muislamu, hununua dhamana za serikali kwa simu kwenye mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Anasema anaanzia 50,000. Yeye lake ni rahisi, nami namwombea heri. Jina la mfumo lilinigusa: dhow kwa Kiingereza ni jahazi. Jahazi letu limefika Nairobi, limewekwa kwenye pesa za taifa, na watu wa jahazi wenyewe wengi hawajalisikia.

Kisha nikaangalia michango yangu ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, jambo nililoliahirisha miaka. Hapa nawasihi, tena nawasihi sana, kaangalieni zenu. Mpaka mwanzoni mwa 2023 wengi wetu tulikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200. Miaka kumi ya hivyo ni 48,000. Hiyo ndiyo ilikuwa pensheni yetu. Tangu Februari 2023 ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri asilimia 6, kwa viwango vinavyopanda kila mwaka. Kwa mshahara wangu wa 38,000 natoa 2,280, nao wanatoa 2,280. Nilipoona makato yale mara ya kwanza nilinung'unika na wengine. Sasa nikifikiri kwamba kila shilingi yangu inafuatwa na shilingi ya mtu mwingine kabla haijafanya biashara yoyote, nanyamaza.

Nilikuta pia miezi 14 haipo. Ni ya mahali nilipofanya kazi zamani, walinikata, hawakupeleka. Ninazo hati za malipo za miezi tisa kati ya hiyo, nimeziwasilisha, nangoja. Mitano sina ushahidi. Kama ningaliangalia wakati ule, ningaliidai nikiwa bado nina sauti pale.

Binamu yangu mvuvi hana mwajiri. Yeye nilimwonyesha mpango wa Haba Haba wa NSSF, shilingi 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano ya kuchangia anaweza kutoa nusu. Akaniuliza swali la shangazi: "Ni za siku gani?" Nikamwambia ni za siku mkono utakaposhindwa kuvuta kamba. Akasema atafikiri. Sikumsukuma.

Bafta

Tulirudi kwenye zile 43,000. Shangazi hupata zile shilingi 2,000 za serikali za wazee waliovuka miaka 70, zinapokuja. Hesabu niliifanya nikaificha: ni zaidi ya miezi 21 ya pesa hizo.

Tulijadiliana ndugu wote. Kaka alitaka tuchange tumrudishie zote. Akakataa katakata. "Mkinichangia nyinyi, si ndizo zile zile za kuazima?"

Alichokifanya ni hiki. Aliuza bangili moja. Akaagiza bafta, kitambaa cheupe cha sanda, akaipima mwenyewe kwa mkono, akaikunja pamoja na kafuri na udi, akaiweka chini ya kasha mahali palipokuwa na kifurushi. "Hii hawawezi kuitangazia mwisho," akasema. Zilizobaki akanipa nimwekee na zangu, kwa sharti mbili: nimwandikie kwenye karatasi iliyo na mashahidi wawili, na kila mwezi nimsomee.

Kwa hiyo sasa kila mwezi naenda kumsomea. Mwezi wa kwanza nilimwambia kwamba fungu la zile 30,000 zangu lilikuwa shilingi 131. Akaitikia kwa kichwa tu, hakusema kitu.

Juzi nikaenda tena. Alikuwa anachambua mchele.

"Mwezi huu ngapi?"

"Mia na kumi na nane, shangazi."

Akaacha kuchambua. "Imepungua?"

"Imepungua."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye sinia lake. "Basi hao wanavua kweli."